Jiji kubwa ndani ya wimbo

Ndugu umeuliza kama Kampala ina wimbo wa kuwekwa kando ya zile nyimbo za New York. Upo: "Tugambire ku Jennifer" wa Bobi Wine, mtoto wa Kamwokya, mtaa wa Kampala. Ulitoka 2012, wakati Jennifer Musisi akiongoza KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na wachuuzi wakifukuzwa barabarani. Ni ombi la mnyonge kwa mkubwa: mfikishieni, atuonee huruma. Ukiona mama anavyokunja turubai lake la nyanya kwa mshtuko pale karibu na kituo cha teksi cha Old Taxi Park, askari wa jiji wakitokea, utaelewa kwa nini ulipendwa mno.

Kwa New York, usikomee kwenye nyimbo za sifa na maghorofa. Sikiliza "Living for the City" ya Stevie Wonder, 1973, toleo refu la albamu. Katikati muziki unapisha sauti za mtaani: kijana wa Mississippi anashuka basi, anayashangaa maghorofa, anakabidhiwa kifurushi asichokijua, anakamatwa, anafungwa miaka 10. Kwangu mimi hakuna wimbo wa jiji unaoufikia huo. Anza nao.