Mnaokwenda Njombe kwa baiskeli, fungueni mabegi kwanza

Juzi jioni nilipita kuwaona wadogo zangu wanaojiandaa na safari ya Dar hadi Njombe. Baiskeli zimefanyiwa sevisi, minyororo safi, keria zimekazwa. Nikafungua begi la kwanza: jinzi mbili, fulana sita za pamba, sweta zito la kofia, nalo la pamba. Begi la pili, hivyohivyo. Nikashindwa kunyamaza. Njia hii nimeipiga mara nne, na kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, nikalilipia.

1. Msipange nguo kwa joto la Dar. Mwisho wa mwezi wa nne mtaondoka na mvua za masika, Ruaha Mbuyuni jua litawachoma, halafu mkiumaliza mlima wa Kitonga mnaanza kuingia nchi ya baridi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mnazopanda, na Njombe iko karibu mita 2,000. Kwa hiyo bebeni nguo nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine: jezi ya poliesta, sweta jembamba la sufu, koti la upepo. Sufu hata ikilowa inakupa joto. Pamba ikilowa inakaa na maji na kukunyonya joto njia nzima. Sweta za sufu zimejaa mitumbani. Someni lebo ya shingoni kabla ya kulipa.

2. Kaptula ya baiskeli, ile yenye pedi makalioni, haivaliwi na chupi ndani. Mbili zinatosha, moja mwilini, nyingine inakauka juu ya keria.

3. Nguo za usiku zifungwe lisiingie hata tone. Hapa naomba mnisikilize.

Safari yangu ya kwanza nilikuwa na koti la mvua la plastiki, yale wanayovaa bodaboda. Tulipotoka Makambako manyunyu yakaanza, nikalivaa na kupanda nalo vilima vyote bila kulifungua hata kifungo. Mvua haikuingia, lakini jasho nalo halikutoka. Nilipofika juu, fulana ya ndani ilikuwa ya kukamua. Nikaanza kushuka, upepo ukaingia shingoni, vidole vikafa ganzi hadi nikawa nabana breki kwa viganja. Nilitetemeka muda mrefu, kisha nikaacha kutetemeka, nikafurahi nikidhani nimeizoea baridi. Kumbe mwili ulikuwa umeishiwa nguvu za kujipasha joto.

Karibu na Kibena nikaona moshi wa kibanda cha chai, nikasimama. Mama mwenye kibanda akanisalimia, "Kamwene." Salamu hiyo nilikuwa naiitikia vizuri tangu Iringa, safari hii ulimi ulikuwa mzito, ikatoka sauti ya mlevi. Akanitazama midomo. "Mwanangu, vua hizo nguo upesi. Za kubadilisha ziko wapi?" Nikamwonyesha begi. Akalifungua yeye, maana zipu ilinishinda. Akatoa sweta, linachuruzika maji. Akatoa suruali, akaikamua. Soksi, shuka, kila kitu akakitandaza juu ya benchi, na hakikupatikana hata kitambaa kikavu cha kunifuta uso. Nilikuwa nimeamini maneno ya dukani kwamba begi lile haliingizi maji. Akanifunga kitenge chake, akanivisha koti la mumewe, akanisogeza kwenye jiko la mkaa. Chai ya tangawizi alininywesha kwa mkono wake kwa sababu kikombe sikuweza kukishika. Nilikaa pale karibu saa mbili. Hadi leo, kabla sijaingia Njombe mjini, nasimama kwanza kumjulia hali.

Tangu siku hiyo nguo zangu kavu zinakaa ndani ya ule mfuko wa plastiki unaokuwa ndani ya kiroba cha sukari, umeoshwa vizuri, mdomo umesokotwa na kufungwa kwa mpira wa tyubu. Na asubuhi, hata kama nguo za barabarani bado mbichi, unazivaa hizohizo mbichi. Kavu zinarudi mfukoni. Najua inauma. Lakini ukipiga pedali dakika kumi unapata joto, na usiku ukiwa huna nguo kavu huna pa kukimbilia.

4. Vua kabla ya kupanda, vaa kabla ya kushuka. Ukisubiri uhisi joto, umeshalowa. Ukisubiri uhisi baridi, vidole havifungi tena zipu. Pale juu ya kilima kila mtu anataka kuteremka tu, wenzake wasimwache. Anayewaacha wenzake wakifunga makoti, huyo nitamsema mbele ya wote.

5. Kizibao cha riflekta kinakaa juu kabisa, hata juu ya koti la mvua, maana dereva wa lori la Tunduma kwenye ukungu wa Mafinga hakuoni.

6. Glovu mbili, nyembamba na nzito. Kikoi kimoja: ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo.

Jumamosi alfajiri, kabla hatujaondoka, mabegi yote yatapangwa uwanjani nami nitamwagia kila moja ndoo ya maji. Atakayetoa soksi mbichi ataanza kufunga upya, na sisi tutamsubiri.