Masoko ya Krismasi ya Cologne: uende lini?

Ndugu, kwa kuwa umeuliza kama wiki ya mwisho ya Desemba inafaa kwa masoko ya Krismasi ya Cologne, mji wa Ujerumani, nakusihi uwahi, kwa sababu soko lililo chini ya minara ya Kanisa Kuu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote, kwa kawaida hufungwa tarehe 23. Lile la Heumarkt, eneo la wazi katika mji mkongwe, lenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu, huendelea hadi mapema Januari. Nenda mchana wa siku ya kazi. Mvinyo wa moto wenye mdalasini na karafuu hutolewa katika kikombe unachokiwekea amana, nayo hurudishwa ukikirejesha kibandani. Watoto waagizie Kinderpunsch, kinywaji cha moto ambacho hakina kilevi.