Usimng'olee msandali mwenzake

Jana usiku mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza kanitumia picha ya viriba vyake kumi na viwili vya msandali juu ya paa. Visafi, vimepangwa kama gwaride, hakuna hata kijani kimoja cha gugu. Chini kaandika: "Kaka, nimepalilia." Nikaweka simu chini, nikashika kichwa.

Kila mwaka wanafunzi kutoka nyumbani wanafika hapa Bengaluru, India, wanapanga chumba, wanaona paa tambarare limekaa bure, wanaanza kupanda miti na mimea ya dawa. Na kila mwaka wanaua miche ile ile kwa njia zile zile. Mimi huu ni mwaka wa sita. Niliyoua ni mingi kuliko ya kwenu wote mkijumlisha, kwa hiyo nisikilizeni.

1. Mbegu ya mwarobaini si hindi. Usiianike juani ukaitia kwenye chupa ukisubiri nafasi. Matunda yakishaiva, yamenye, osha nyama yote, anika kivulini siku mbili tatu, panda ndani ya wiki mbili. Kuna bwana mmoja aliziweka kwenye bahasha tangu Julai, akazipanda Desemba, akamwagilia mwezi mzima. Alikuwa anamwagilia kaburi. Zambarau ndiyo haina subira kabisa: kula tunda, panda kokwa siku hiyo hiyo. Ukiona kokwa moja imetoa miche miwili au mitatu, usipige picha kututangazia maajabu, ndivyo zilivyo. Bakiza mmoja wenye nguvu.

2. Tulsi, ndugu wa kivumbasi chetu, haisumbui: kata vichwa vya maua, majani yatakuja. Kinachosumbua ni adabu. Mwaka wangu wa kwanza niliona chungu chake kizuri mbele ya mlango wa mwenye nyumba, bibi tunayemwita Ajji, nikachuma majani matano saa moja jioni kwa ajili ya chai. Tena nimevaa ndala. Tulsi haichumwi jua likishazama, na pale ni mahali pa ibada. Ajji hakunigombeza. Alininyamazia siku mbili, na mimi ningelipa kodi mara mbili ili anigombeze tu yaishe. Pandeni ya kwenu.

3. Ashwagandha, mmea ambao dawa yake ni mzizi, imezoea nchi kavu. Changanya mchanga wa kutosha, mvua za Juni zikianza isogeze chini ya bati. Mzizi unataka siku 150 hadi 180. Acheni kufukua kila Jumapili kuangalia kama umenenepa.

4. Ule mti mrefu mwembamba uliosimama kama mshumaa kando ya kila ukuta mjini, wauzaji wanauita ashoka. Siyo. Ashoka wa dawa ni Saraca asoca, mti wa kivuli wa misitu ya Western Ghats, milima ya magharibi mwa India, maua yake ya rangi ya chungwa yanakomaa kuwa mekundu, na dawa ni gome lake. Ulizeni jina la kisayansi kabla ya kutoa pesa. Mimi nilitoa rupia 300 nikabeba mshumaa kwenye basi, nimeukumbatia kama mtoto.

5. Msandali. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuja huku na stashahada ya misitu na kichwa kikubwa. Kwenye kitalu kimoja nje ya mji, mzee mmoja tuliyemwita Anna (kwa Kikannada, lugha ya hapa, ni kaka mkubwa, msicheke) aliniuzia miche 24 ya msandali. Kila kiriba kilikuwa na mche wa msandali na, ubavuni mwake, kijani kinachotambaa, jamii moja na honagone soppu, mboga inayouzwa sokoni hapa kwa mafungu. Anna alisema kitu kwa Kikannada huku akinionyesha vidole viwili vilivyoshikana. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Sikuelewa hata neno moja, ila nilijua kitalu kichafu nikikiona.

Jumapili nikapalilia vyote 24. Kwa mkono, mzizi mpaka mwisho, kama nilivyofundishwa. Nilijisikia fundi.

Wiki chache baadaye majani yakaanza kuwa njano. Nikasema njaa, nikaongeza samadi. Yakazidi. Nikasema kiu, nikamwagilia asubuhi na jioni. Nikasema mizizi inaoza, nikaacha kumwagilia. Nikasema udongo, nikahamisha nusu ya miche kwenye viriba vipya vyenye unga wa makumbi ya nazi, na hiyo nusu ndiyo iliyotangulia kufa. Usiku nilikuwa napanda juu na tochi ya simu kuwaangalia kama wagonjwa wodini. Miezi mitatu ilipotimia nilikuwa na miche mitano.

Nikambeba mmoja mpaka kwa Anna. Alitazama kiriba, akatazama sura yangu, akanionyesha tena vidole viwili, halafu akakunja kimoja. Akachukua kiriba chake mwenyewe, akakipasua, akasuuza mizizi kwenye ndoo. Kwenye mzizi wa kile kijani kulikuwa na kinundu cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama, kimeng'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Kinundu kilikuwa cha msandali. Mti huu una majani ya kijani na unajitengenezea chakula, lakini mizizi yake inanyonya maji na madini kwenye mizizi ya jirani. Mimi nilikuwa nimeng'oa majirani wote 24.

Kilichoniuma zaidi ni dawa aliyonipa: kiganja cha mbaazi. Mbaazi! Nimekulia Babati, mbaazi nimepanda, nimevuna, nimekula na chapati, na imebidi nivuke bahari nikafundishwe kazi yake nyingine. Nilipanda punje moja moja kando ya miche mitano. Miwili ikapona. Siku hizi naotesha mbaazi mapema na kuipogoa isiufunike msandali, na kwa anayehamishia ardhini, awe na mvinje karibu wa kuwa jirani yake miaka ya mbele.

Na msiwe na tamaa ya kuukata. Tangu enzi za Tipu Sultan, mtawala wa zamani wa Mysore, msandali ulikuwa mali ya dola hata ukiota uani kwako, mpaka jimbo hili la Karnataka lilipolegeza sheria mwaka 2001, na hata sasa hakuna kukata bila kibali.

6. Amruthaballi, mmea wa dawa unaotambaa, inaota kwa kipande cha shina tu. Kuipanda si kuinywa: mwaka 2021, watu walipokuwa wanaikamua kila asubuhi kwa hofu ya korona, madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia. Acheni itambae, inapendeza.

7. Kubeba mbegu kwenda nyumbani bila cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza ni kuwapelekea watu wa uwanja wa ndege zawadi.

Sasa wewe wa picha. Nimeikuza picha yako, na nyuma ya viriba naona ndoo ya bluu imejaa majani. Kama ndiyo hayo uliyong'oa na bado hayajanyauka, yarudishe jioni hii hii, jua likipungua, mizizi igusane. Yakishakufa njoo kwangu, mbaazi zipo jikoni kwenye kopo la kahawa, na usimwambie Ajji kwamba ni zile za mboga yake.