Maswali yenu: heroe wa Natron na mwerezi wa Mulanje

Wiki iliyopita niliandika kwamba hawa wawili, ndege na mti, wana shida moja, kutegemea mahali pamoja tu, maswali yakamiminika. Nachukua manne.

Ndege na mti unavilinganishaje?

Kwa makazi. Mwerezi huu kwa asili unaota mlima mmoja tu duniani, Mulanje, kusini mwa Malawi. Heroe wadogo, wale mnaowaita flamingo, huku kwetu utawakuta maziwa ya Nakuru, Bogoria, Manyara, lakini kwenye kuangua vifaranga tegemeo lao ni Natron, ziwa la magadi kaskazini mwa Tanzania.

Heroe wako zaidi ya milioni, hatari iko wapi?

Hili nimeulizwa mpaka nimechoka jamani. Kujaa ziwani sio usalama. Jike anataga yai moja, moja tu, juu ya kichuguu cha tope chenye kibonyeo kama kisahani, katikati ya magadi yanayounguza ambako fisi hafiki. Sasa maji yakizidi vichuguu vinazama, yakikauka sana fisi na mbweha wanatembea mpaka kwenye mayai, yaani msimu mzima unaweza kupita bila vifaranga. Halafu miaka ya 2000 pakaletwa mpango wa kiwanda cha magadi palepale, watu wakabishana ajira ajira kana kwamba kuna Natron ya pili, wakati karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wameanguliwa hapo. Na nyie mnaofyeka msitu wa Mau kule Kenya, mto Ewaso Ng'iro wa kusini unatoka huko na unamwaga Natron, msijifanye hayawahusu.

Ndio ule mwerezi wa Lebanoni wa kwenye Biblia?

Hapana. Ule ni ukoo wa misonobari, huu wa misaipresi. Nilishaandika, someni kwanza.

Nina kiwanja Mbeya, nikiupanda nitakuwa nimeuokoa?

Panda kwa kivuli, ila kuuokoa bado. Miche inaoteshwa vizuri tu vitaluni, balaa liko mlimani: misumeno, na moto. Moto wa mara mojamoja unausaidia kupata nafasi ya kuota, lakini pakichomwa kila mara miche inateketea kabla haijazaa mbegu. Mbao zake mchwa hazigusi, ndio maana zinawindwa. Nimewahi kushika kijisanduku chake, ukifungua kifuniko harufu inakujia kali na tamu, inabaki vidoleni hadi jioni. Ukiletewa kama hicho usinunue, hata muuzaji akiapa ni mbao za zamani.