Kitambaa kimekunjwa, kimekunjika au kimekunjamana?

Swali: Mwalimu, ninafanya majaribio ya kushona vitambaa, kuvifunga kwa uzi na kuvitia mvuke ili vifanane na gamba la mti na magamba ya samaki. Ninapoeleza kazi zangu, niandike kuwa kitambaa kimekunjwa, kimekunjika au kimekunjamana?

Jibu: Yote matatu ni sahihi na yote yametokana na kitenzi kunja, ila kila moja lina lake la kusema. Kimekunjwa kimo katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo nyuma yake yupo mkunjaji hata asipotajwa. Magamba ya samaki hujipanga safu kwa safu, kila moja likilalia sehemu ya jingine, na anayeyaiga hana budi kupima, kukunja na kushona mkunjo baada ya mkunjo. Kitambaa hicho kimekunjwa. Hata neno marinda lingefaa.

Kwa kazi ya mti ningechagua kimekunjamana. Lichambue: kunj-am-an-a. Kiambishi -am- huonyesha hali iliyotulia, kama katika inama, na -an- ni kile cha kutendana, kana kwamba mikunjo imekutana, ikashikana na kukaa. Poliesta iliyosokotwa, ikafungwa kwa uzi, ikatiwa mvuke na kuachwa ipoe ndani ya kamba zake, hubaki na makunyanzi hata baada ya kufunguliwa, kwa kuwa nyuzi zake hulainika kwa joto na kushika umbo jipya zinapopoa. (Pamba haina tabia hiyo, ikifuliwa na kupigwa pasi hunyooka, hivyo huhitaji mishono ya kuyashikilia makunyanzi.) Hakuna mkono uliochagua kila kunyanzi, na hapo ndipo kitambaa kinapoukaribia mti.

Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku nguo iliyokunjamana ni nguo inayodai pasi. Ukitaka ieleweke kwamba ulikusudia, nyambulisha zaidi: kitambaa kimekunjamanishwa. Ni neno refu, lakini limebeba hali ya kitambaa pamoja na mkono wako.

Kimekunjika kiache, kwa sababu kutendeka kuna utata: msomaji hatajua kama kitambaa kimepata mkunjo au kimekubali tu kukunjwa.

Tena, umeandika gamba la mti. Gamba ni la samaki au la nyoka, ganda ni la yai au la chungwa. Mti una gome.