Mwanangu, Anza Jukwaani

Mwezi uliopita msichana mmoja wa mtaani kwetu, Jang'ombe, alinifuata barazani. Baada ya shikamoo akauliza: "Shangazi, nifanyeje niingie kwenye tamthilia?" Nikamuuliza kama ameshawahi kuigiza mbele za watu. Hajawahi. Ana video zake za simu tu. Nikamwambia ninalowaambia wote wanaonijia: anza jukwaani.

Sikumlaumu kudhani kuigiza ni kamera. Zanzibar tuna televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na Bara hawakuipata televisheni mpaka 1994. Mimi mwenyewe nimekua nikitazama michezo nyumbani kwa jirani, tumebanana mkekani watoto wa mtaa mzima. Lakini sauti yangu niliipata Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Mji Mkongwe. Pale jukwaa halina paa, na upepo wa baharini ukivuma unachukua maneno yako na kwenda nayo. Ukisema kwa koo, waliokaa nyuma wanaona mdomo unachezacheza tu. Lazima utoe sauti tumboni. Na adhana ya isha ikianza, sisi tulikuwa tunanyamaza na kuganda vile vile tulivyo: aliyeinua mkono kaubakisha juu, anayelia kalia kimya. Ikimalizika, tunaendelea na hasira ile ile tuliyoiachia. Jaribu nyumbani kuibeba hasira kwa dakika tatu bila ya kuimwaga. Huko kwenye tamthilia utaibeba nusu siku, ukisubiri taa zipangwe na pikipiki zipite.

Sini yangu ya kwanza ya televisheni ilikuwa ya kumgombeza mume huku nachagua mchele. Nikapaza sauti kama niko Ngome Kongwe, mwongozaji akasimamisha kazi. Mara mbili. Ya tatu nikamkumbuka shangazi yangu wa Wete. Yule akikasirika hasemi kitu. Hupakata ungo, akachagua chuya mojamoja, taratibu, akizirusha chini bila ya kuinua macho, na kila anayeingia uani anajua leo kuna jambo. Nikafanya vivyo hivyo, maneno nikayasema chini chini. Mwongozaji hakusimamisha tena. Mwenye sauti kubwa anaweza kuipunguza, mwanangu, lakini ambaye hajawahi kuwa nayo atapunguza nini?

Jengine ni ulimi. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, lakini nawaona wasichana wetu wakivuka kwenda Dar es Salaam wanaanza kuona haya kusema kwao. Wengine wanatakiwa waivute lafudhi kupita kiasi ili watu wacheke, na Mpemba kila siku anapewa nafasi ya mke wa mwenye duka. Mimi huuliza: huyu mtu kazaliwa wapi, kalelewa na nani? Nikijibiwa, nasema kama mtu wa huko. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Na pesa, hapa nisikilize vizuri. Niliwahi kufanya kazi siku kumi na nne kwa ahadi ya mdomo. Nauli ya boti nilijilipia, nguo nilivaa zangu, na kanga moja niliipenda sana ikaungua kwenye sini ya jikoni. Malipo nikaambiwa njoo Jumatatu, kisha njoo mwisho wa mwezi, kisha simu ikawa haipokelewi. Tangu hapo sipandi boti bila ya karatasi. Hata ikiwa ni ukurasa wa daftari la skuli, iandikwe: siku ngapi, malipo kiasi gani na yanatoka lini, nauli na malazi juu ya nani, nguo za nani. Mtie saini nyote wawili, ubaki na nakala. Anayekasirika kwa kuombwa karatasi, muache mapema.

Wazee nao usiwafiche. Mama yangu nilimficha, akaja kuniona kwenye televisheni kwa watu, na ilichukua muda mrefu kuzungumza tena kama zamani. Wanajua kusikiliza wakielezwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, na bibi zetu hao hao ndio waliozisikiliza.

Yule msichana nilimpa ukurasa mmoja akaukariri. Jumamosi akarudi na mama yake, buibui limemfunika mpaka kidevuni, akakaa mkekani bila ya kusema neno. Mwanawe akasimama mwisho wa ua, karibu na kisima, akausema wote. Mama akauliza mazoezi yanaanza saa ngapi.