Raundi, gia na dizeli barabara kuu: majibu ya maswali yenu

Safari hii maswali mengi yamefanana, watu wanaangalia mshale wa raundi (injini inazunguka mara ngapi kwa dakika) wakiwa hapo kilomita 100 kwa saa halafu wanapata presha, wengine zimezidi, wengine zimepungua. Nitajibu moja moja ila kuna kitu nitakirudia makusudi: mshale peke yake haukuambii kama gia ni sahihi, lazima uangalie na mguu wako umezama kiasi gani kwenye pedeli ya mafuta.

Swali: Mkuu habari za majukumu. Nina Land Cruiser Hardtop ya injini ya dizeli 1HZ, nikitembea 100 gia ya 5 mshale unasoma 2,400 hivi. Shemeji yangu ana Prado mpya dizeli, spidi hiyo hiyo yake inasoma 1,600. Yangu ina tatizo? Mbona inalia vile?

Haina tatizo kaka, iko vile ilivyotoka kiwandani. Tupige hesabu kidogo maana ukiielewa hii mengine yote yanakuwa mepesi. Ukienda 100 kwa saa gari inatembea mita 1,667 kila dakika. Tairi ya 7.50R16 ikizunguka mara moja inakula kama mita 2.5, kwa hiyo kwa dakika inazunguka mara 667 hivi. Kama difu yako (gia za kwenye ekseli zinazopeleka mzunguko kwenye tairi) ni 4.1, propela shafti inazunguka mara 4.1 ya hizo, zinafika 2,730 na kitu, halafu gia ya 5 inazipunguza kwa kama 0.85 ndo unapata 2,300 na ushee. Difu ikiwa 4.3 unapata 2,400 na kidogo. Umeona, ni hesabu tu ya vyuma, injini haina la kusema hapo.

Prado ya shemeji (nadhani ni ile ya injini lita 2.8 otomatiki) difu yake ni 3.9, na gia ya 6 inapunguza mpaka 0.58, ndo maana inaangukia 1,550 mpaka 1,600. Sasa swali la maana ni kwa nini Toyota wameipa yako raundi nyingi na ya shemeji chache. Jibu liko kwenye nguvu ya kuvuta, yaani mvuto, unaopimwa kwa Nm. 1HZ ni lita 4.2 lakini haina turbo (feni ya kuishindilia injini hewa zaidi), kilele chake ni kama Nm 285 na inakipata kwenye raundi 2,200. Ile 2.8 ina turbo, inatoa Nm 450 kuanzia 1,600 mpaka 2,400. Ukizidisha mvuto kwa raundi unapata nguvu: Prado kwenye 1,600 ina kilowati 75 za kutumia, 1HZ ukiibana kwenye hiyo hiyo 1,600 hata itoe Nm 285 zote haifiki 48. Ili ikaribie zile 75 inabidi izunguke mpaka hapo hapo 2,400 inakokaa. Kwa hiyo wamekuwekea gari kwenye raundi ambazo injini yako ina nguvu, iko juu kidogo ya kilele, ukikutana na kamlima au upepo wa mbele haikatiki pumzi. Mimi naona hii ni kazi nzuri sana ya uhandisi na watu hawaisifii inavyostahili. Kelele ni kweli ipo, bodi lenyewe halina vizuia sauti vya maana, lakini injini ambayo nguvu yake ya juu kabisa iko karibu na 4,000, ukiizungusha 2,400 siku nzima hujaionea.

Swali: Fundi ananiambia nibadilishe difu niweke yenye namba ndogo ili raundi zishuke nile mafuta kidogo. Gari ni hiyo hiyo ya 1HZ, nabeba mizigo Iringa kwenda Dar.

Usifanye. Kwanza gari ya foo-wili ina difu mbili, ukibadilisha ya nyuma ukaacha ya mbele siku utakayoingiza foo-wili kwenye ardhi ngumu utavunja kitu, kwa sababu ekseli mbili zinataka kwenda spidi tofauti. Pili spidomita ya gari hizi inachukua mzunguko kabla ya difu kwa hiyo nayo itaanza kukudanganya. Ila sababu kubwa ni ya tatu: wewe unabeba mzigo. Ukishusha raundi mpaka 2,000 ukiwa na mzigo, kila kamwinuko utajikuta unarudi gia ya 4, na gia ya 4 ya hiyo giaboksi ni moja kwa moja, haipunguzi kitu, raundi zinapanda tena juu. Umetumia hela nyingi ili uendeshe na gia ya 4.

Kama unataka kupunguza mafuta kweli punguza spidi. Ukuta wa upepo unakua kwa spidi kuzidisha spidi, ukitoka 80 kwenda 100 spidi imeongezeka robo lakini upepo unaokusukuma nyuma umeongezeka kama asilimia 56, na Hardtop ni boksi, haina umbo la kupasua upepo. Kushuka mpaka 85 au 90 kutakuokolea kuliko difu yoyote, na haikugharimu shilingi.

Swali: Nimefunga tairi 285/75R16 badala ya 265/70R16, sasa raundi zimepungua nafurahi, ila gari imekuwa nzito. Ni mawazo yangu tu?

Sio mawazo. Tairi mpya ni kubwa kwa asilimia 7 hivi, ni sawasawa na mtu aliyekupunguzia difu kwa asilimia 7. Raundi zinashuka, mvuto kwenye tairi nao unashuka kiasi hicho hicho. Na angalia spidomita, ikisoma 100 wewe uko kama 107, ikisoma 50 kwenye vibao vya mjini umeshapita 53, na trafiki mwenye tochi hatosikiliza habari za tairi. Kumbuka hata kilomita za safari zinahesabika pungufu, kwa hiyo ukipiga hesabu ya mafuta bila kurekebisha utadhani gari imeanza kunywa kuliko inavyokunywa.

Swali: Mimi ni dereva wa semi, injini lita 13, Dar kwenda Lubumbashi. Tajiri anataka tusitoke kwenye eneo la kijani la saa ya raundi, zisizidi 1,400. Kwenye tambarare sawa, ila mlima Kitonga gari inateseka. Nani yuko sahihi?

Nyote wawili ila mnaongelea barabara tofauti. Tambarare tajiri yuko sahihi kabisa. Hizo injini mvuto wake wa juu uko kuanzia kama 1,000 mpaka 1,300 au 1,400, na semi hairuhusiwi kuzidi 80, sasa kwa tairi 315/80R22.5 na difu ya 3.08 ukiwa gia ya juu kabisa ya moja kwa moja, 80 inakupa kama 1,250. Katikati ya kijani. Hapo kwenye tambarare mwache tajiri afurahi.

Kitonga ni kitu kingine. Kupandisha tani 50 kunahitaji nguvu ya jumla, na nguvu ya jumla ya injini hizo iko karibu na 1,800 au 1,900. Kijani kinaonyesha mahali pa kula mafuta kidogo kwa kazi ndogo. Ukishikilia gia kubwa pale mlimani mguu umezama mpaka chini na spidi haiongezeki, hiyo ndo hali mbaya kuliko zote kwa dizeli: presha ndani ya silinda iko juu, joto la moshi linapanda, na wakati huo huo pampu ya oili, pampu ya maji na feni zote zinazunguka polepole kwa sababu zinaendeshwa na injini hiyo hiyo. Unachoma mafuta mengi na kupoza kidogo. Gasketi, silindahedi na turbo zinaumia hapo, taratibu, bila kelele, halafu lawama anapewa aliyeendesha siku ya mwisho. Kwa hiyo shusha gia mapema kabla raundi hazijaanguka, iache ipande 1,600 mpaka 1,700, iende polepole ikiwa huru. Mwonyeshe tajiri maelezo haya.

Na wakati wa kushuka usiendeshe kwa kijani hata kidogo. Breki ya injini inashika vizuri raundi zikiwa juu, malori mengi yana eneo la bluu kwenye saa ya raundi kwa kazi hiyo, tumia hilo ila usiingie nyekundu. Gia ichague ukiwa bado juu, gari ikishashika kasi na mzigo kugeuza gia ni kamari, unaweza ukabaki huna gia kabisa na breki za miguu zikachemka zikaacha kushika. Pale watu wamekufa, naomba hili ulichukulie kwa uzito.

Swali: Niko Nairobi, nina Prado ya zamani ya injini ya dizeli 1KZ, otomatiki. Kwa dashibodi kuna taa ya O/D OFF inawaka siku zote, nikienda Mombasa injini inapiga kelele na joto linapanda. Inahusiana?

Inahusiana sana dada! O/D ni ovadraivu, yaani gia ya 4. Ile taa ikiwaka maana yake ovadraivu imezimwa na gari inaishia gia ya 3. Bonyeza kale kaswichi ka pembeni ya gia, taa izime, na ukiwa barabara kuu raundi zitapungua kwa kama robo hivi. Ukibonyeza na taa isizime, au ikawa inawakawaka yenyewe, hiyo ni giaboksi inaripoti hitilafu, nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma.

Ovadraivu izime mwenyewe kwa makusudi ukiwa unapanda mlima mrefu na gari inahangaika kati ya 3 na 4, au unavuta tela. Lakini hilo joto usilifumbie macho hata taa ikizima. 1KZ inajulikana kwa kupasuka silindahedi ikichemka, kagua rejeta, feni klachi na mfuniko wa rejeta kabla ya safari nyingine.

Swali: Nikishuka mlima naweka nyutro nipunguze mafuta. Dizeli inafaa?

Hapana. Ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, pampu inakata dizeli, tairi ndo zinazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo unatumia zaidi na breki ya injini umeitupa.